Inchi Sita

Nilipima upande mmoja tu, wa dirishani, nikaridhika.
Futi kumi na mbili kamili. Nikaandika kiganjani,
nikapanda baiskeli mbio hadi sokoni
kabla jasho halijafuta hesabu.

Zulia la rangi ya ugoro
likaja Ng'ambo juu ya guta, limeviringishwa,
limefungwa kamba mahali patatu,
watoto wakilifuata nyuma wakiuliza ni nani.

Tukatoa vitu nje: makochi, meza,
redio ya mbao isiyosema tena,
mwisho kabati la vyombo, lililokaa kona ile
tangu sijaota meno.
Chini yake sakafu ilikuwa nyekundu mbichi,
nyekundu ya siku ilipopakwa.
Kwingine kote imepauka, imelika,
pale mama alipopiga magoti kila Jumamosi
na kopo la dawa na kipande cha blanketi.
Ndiyo sababu ya zulia. Magoti yake.

Fundi Lusangija akatandaza.
Dirishani likalala kama ng'ombe aliyeshiba.
Mlangoni likapanda ukuta.
Akalivuta, likapanda. Akalirudisha, likapanda.
Akatoa futikamba, akapima kule, akapima huku,
akavua kofia.
"Dada, chumba chako kinachechemea.
Kule kumi na mbili, huku kumi na moja na nusu.
Alijenga nani?"

Nikaona haya kwa niaba ya marehemu.
Baba, mtu wa gengi la reli,
aliyetembea juu ya mataruma na kipimo begani,
mita moja kati ya chuma na chuma,
mita moja Tabora, mita moja Urambo, mita moja Kaliua,
ukikosea unene wa vidole viwili treni inalala ubavu;
huyo huyo, nyumbani kwake,
apoteze inchi sita?

Mama alikuwa kizingitini anapeta karanga.
Akaweka ungo chini.
"Ule wa dirisha ni wake. Dhiraa nane.
Halafu mvua za kwanza zikabomoa tuta huko Malagarasi,
wakawachukua wote, usiku, na kandili zao.
Hapa mawingu yanakuja,
matofali mabichi yako nje,
na wewe uko tumboni.
Nikapima dhiraa nane, kama alivyopima yeye."

Akalaza mkono wake juu ya zulia,
kiwiko hadi ncha ya kidole.

Fundi akahesabu, midomo ikicheza bila sauti.
Robo tatu ya inchi, mara nane.
Akavaa kofia yake.

"Na baba aliporudi?"
"Alisimama hapo ulipo. Akafumba jicho moja,
vile walivyokuwa wanaitazama reli.
Halafu akasema ana njaa.
Kesho yake akanunua kabati."

Kisu kikapita.
Kikaanza na inchi sita kona ya kabati,
kikapungua, kikapungua,
kikafika dirishani hakina cha kukata.
Kikabaki kipande kirefu, kimechongoka kama kabari.
Fundi alikuwa anakitupa uani. Mama akakidaka.

Sasa zulia limelala. Wageni wanavua viatu,
wanasifu chumba kilivyonyooka.
Kabati limerudi konani; tulijaribu kulihamisha,
mama akalishika mguu.

Na Jumamosi nilimkuta barazani,
ambako zulia halikufika,
kopo la dawa nyekundu liko wazi,
ile kabari imekunjwa mara nne chini ya magoti:
anasugua, anarudi nyuma, anaisogeza, anasugua.

"Mama, si nilikuambia upumzike?"

"Kwani nafanya nini?" akasema.
"Hebu gusa hapa. Laini."